Gari linapoteza nguvu halafu linapona lenyewe? Usinunue spea kwanza

Kuna ugonjwa wa gari unaomaliza pesa za vijana polepole. Gari linatoka nyumbani likiwa fiti. Mahali fulani barabarani unakanyaga mafuta na hakuna kinachotokea. Injini inanguruma lakini gari halivuti, ama linakohoa, ama linazima tu. Unasonga kando. Baada ya dakika ishirini unapiga stati, linawaka kama vile hakuna kitu kilikuwa kimetokea.

Ukilifikisha kwa mekanika, analizungusha mtaani mara mbili na kurudi akikuangalia kama mtu anayetafuta maneno. "Boss, hii gari haina shida." Ukisisitiza, anaanza kubahatisha. Wiki hii ni plagi. Wiki ijayo ni pampu. Mwisho wa mwezi ni sensa ambayo lazima itoke Kirinyaga Road, na yeye ndiye anajua duka. Gari bado linazima. Hivyo ndivyo Vitz ya mtu hula pesa za kununua Vitz ya pili.

Na si pesa tu. Ukiwa unapanda Kinungi kutoka Naivasha, umetoka nyuma ya trela ili uipite, na nguvu zikatike ukiwa upande wa wenyewe, hapo hatuzungumzii bei ya spea tena.

Wengi wetu tukinunua gari la kwanza tunanunua la namba ya KB na kitu. Sheria ya KEBS hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hivyo mengi huingia yakiwa na miaka saba hivi. Ongeza miaka ambayo limekaa hapa likibadilisha wenyewe, utapata gari la miaka karibu ishirini. Nyaya zimekauka, plastiki zinavunjika ukizigusa, na kila mwenyewe aliacha ufundi wake humo ndani. Gari kama hilo litaugua tu. Swali ni kama utajua kulisikiliza.

Shika neno moja: shida inayokuja na kwenda huja kwa sharti. Inataka joto, au mlima, au tangi tupu, au mvua, au shimo barabarani. Si lazima uwe fundi ili ulijue sharti hilo. Na mekanika hawezi kulijua kwa kuzunguka mtaa mara mbili. Wewe unayeshinda ndani ya gari ndiye unaweza.

Injini inataka nini

Injini ya petroli inahitaji hewa, petroli, cheche ya moto na njia ya kutoa moshi. Juu ya hizo nne kuna kompyuta inayosoma sensa na kupanga nani aingie saa ngapi. Nguvu zikipotea, kimojawapo kimekosekana kwa muda. Kazi yote ni kujua ni kipi.

Kabla hatujaenda mbali, tofautisha kupungua na kukatika. Gari ulilolizoea Mombasa litaonekana limechoka ukilipandisha Limuru, na zaidi ukifika Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hiyo si shida ya gari, ni hewa. Lakini hewa haikatizi gari ghafla halafu ikalirudishia nguvu dakika tano baadaye mahali pale pale. Ikiwa hivyo, kuna kitu.

Sharti la kwanza: joto

Gari liko sawa asubuhi. Ukikaa kwa jam nusu saa hivi linaanza vituko. Likipoa linapona. Hii ndiyo hadithi ya magari mengi ya zamani, na ina washukiwa watatu ambao tabia zao hazifanani.

Wa kwanza ni sensa ya krenki, ile inayoambia kompyuta injini imezunguka wapi. Ikizeeka, joto huifanya ikatike ndani, ikipoa inaungana. Dalili yake ni kali: injini inakufa kama umezima taa, na mshale wa mizunguko kwenye dashibodi huanguka hadi sufuri gari likiwa bado linaserereka. Ukipiga stati inazunguka tu bila kuwaka mpaka ipoe.

Wa pili ni koili. Hapa gari halifi, linatetemeka. Ndiyo watu husema injini inamisi: silinda moja imelala na zingine zinavuta mzigo wake. Taa ya injini inaweza kuwa inapepesa. Kupepesa si sawa na kuwaka tu. Inamaanisha petroli ambayo haijaungua inatoka kwa ekzosti, na huko inaweza kuchoma katalitiki. Punguza mwendo na usiendelee kukanyaga.

Wa tatu ni pampu ya petroli. Hii hulala polepole. Unakanyaga, gari linavuta kidogo, linasita, linavuta tena. Wakati mwingine utasikia mlio mwembamba kutoka upande wa kiti cha nyuma.

Umeona tofauti? Kwa mekanika zote tatu zinaitwa "gari inakata ikipata moto". Kwako zinafaa kuwa tatu.

Sharti la pili: mlima na mzigo

Gari liko poa mtaani, lakini ukibeba watu wanne na kuanza kupanda linakataa kuzidi mwendo fulani. Hapa injini inadai petroli na hewa nyingi kwa wakati mmoja, na kuna mahali njia imebana.

Anza na filta ya hewa. Unaifungua kwa mkono. Ikiwa imejaa vumbi, utaiona. Kisha filta ya petroli. Kwa Toyota nyingi ndogo za miaka ya 2000 iko ndani ya tangi pamoja na pampu, ndiyo maana watu huisahau kwa miaka. Mwambie mekanika apime presha ya petroli kwa geji, na si gari likiwa limetulia pekee, bali likikanyagwa. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox, Fielder na Premio za 1500cc, presha inafaa kuwa kati ya psi 44 na 50. Ikianza vizuri halafu ishuke ukikanyaga, hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Mshukiwa mwingine ni katalitiki, lile dude la ekzosti lenye matundu kama sega la nyuki. Ikiyeyuka au kuvunjika ndani, vipande husogea na kuziba njia, mara vinaachia, mara vinaziba tena. Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii. Fundi anaweza kutoa sensa ya oksijeni iliyo mbele yake na kupima presha ya moshi hapo. Asikwambie tu "tuitoe tuiuze". Kuna kitu kiliivunja, mara nyingi ni ile misi uliyoipuuza miezi mitatu. Usipotibu misi, utarudi pale pale.

Sharti la tatu: tangi la mia tatu

Tuseme ukweli, wengi wetu huweka petroli ya mia tatu na kuomba Mungu. Mshale wa mafuta haujawahi kufika nusu tangu ununue gari. Sasa, pampu ya petroli imekaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo huipoesha. Tangi likiwa karibu tupu, pampu inapata joto. Pia petroli kidogo iliyobaki huchezacheza ukiwa kwa kona au mlimani, pampu ikavuta hewa. Na uchafu wa miaka mingi uliotulia chini unavutwa hadi kwa kichujio chake.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji fundi: weka angalau nusu tangi na uendeshe wiki nzima. Kama shida imetoweka, umepata mahali pa kuanzia.

Fungua pia kifuniko cha tangi gari likianza kukosa nguvu. Ukisikia mvuto mkali wa hewa kuingia na gari likapata nguvu tena, tangi halipumui. Pampu imekuwa ikivuta dhidi ya tangi lililojifunga. Hili hutokea sana pale kifuniko cha kwanza kilipotea na mtu akaweka chochote kilichotosha, ama pale mrija wa kupumulia umeziba kwa vumbi.

Na petroli yenyewe? Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa na mafuta mengine ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji. Kama shida ilianza siku ile ile ulipojaza kituo kipya, liandike hilo. Weka risiti pia.

Sharti la nne: maji

Limeanza kumisi baada ya mvua kubwa, ama baada ya vijana wa kaoshi kupiga injini maji ya presha ili ing'ae. Maji huingia kwenye visima vya plagi, na umeme wa koili unapata njia rahisi ya kutorokea pembeni badala ya kuruka kwenye plagi. Likikauka linapona, nawe unasahau mpaka mvua nyingine.

Kwa gari la zamani zaidi, kama Toyota 100 yenye distribiuta na nyaya nene za plagi, subiri usiku, fungua boneti injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo kama umande kando ya nyaya hizo huku mikono yako ikiwa mbali. Nyaya zilizopasuka utaziona zikirusha cheche gizani. Usiziguse. Umeme ule utakutupa.

Sharti la tano: shimo na kona

Ukiingia kwa shimo linakata. Ukitoka kwa bampu linarudi. Hapo kuna kitu kimelegea. Anza na betri: vichwa vyake vina ule unga mweupe? Waya mweusi unaoshika bodi ya gari umekaza? Injini ikiwaka, shika soketi za sensa moja moja uzitikise polepole, ukikaa mbali na feni, mikanda na nyaya za plagi. Injini ikishtuka, umepata.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaifikirii: alamu, katauti na traka. Magari yetu mengi yamefungiwa vitu hivi, hasa kama yalinunuliwa kwa mkopo. Kwa kawaida fundi hukata waya wa pampu au wa kuwasha, anaunganisha kifaa chake hapo katikati, anafunga kwa tepu na kuondoka. Miaka mitano baadaye tepu imekauka na muungano umelegea. Gari linakata bila sababu, na kila mtu analaumu pampu. Muulize aliyekuuzia gari kama liliwahi kuwa na traka. Mwambie mekanika atafute kila mahali penye tepu chini ya usukani kabla hajafungua tangi. Kama mkopo bado unaendelea, usiruhusu mtu aikate traka. Waliokukopesha ndio walete fundi wao.

Taa ikiwaka, usikubali betri itolewe

Taa ya injini ikiwahi kuwaka, hata kama imezima, kuna uwezekano mkubwa kompyuta imehifadhi msimbo. Pamoja na msimbo huo huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, mizunguko, joto la injini. Hilo ndilo sharti unalotafuta, limeandikwa tayari. Lakini mafundi wengi, kitu cha kwanza wanachofanya ni kutoa kichwa cha betri "ili gari isahau". Kwa magari mengi, ukifanya hivyo umefuta ushahidi wote.

Kuna kidude kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwa soketi ya OBD chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu. Bei yake ni ya chini kuliko kujaza tangi la Vitz. Baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japan miaka ile hayasomeki vizuri kwa vidude hivi, kwa hivyo omba muuzaji akijaribu kwa gari lako kabla hujalipa.

Ukipata P0301, P0302, P0303 au P0304, namba ya mwisho ni silinda inayomisi. P0300 ni misi isiyochagua silinda. P0335 inaelekeza kwa sensa ya krenki au nyaya zake. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, yaani kuna hewa ya wizi inaingia, au sensa ya hewa ni chafu, au petroli haifiki ya kutosha.

Ila msimbo si hukumu. P0302 haisemi "nunua koili". Inasema silinda ya pili inamisi, na huenda ni koili, plagi, injekta ama waya. Kwa injini kama 1NZ-FE kila silinda ina koili yake, na hapo kuna jaribio la bure. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya pili. Futa msimbo, endesha. Ukirudi ukiwa P0303, shida imehama na koili, nunua koili. Ukibaki P0302, koili ni nzima. Hamisha plagi ufanye vilevile. Hujatumia hata shilingi.

Daftari kabla ya gereji

Kwa wiki mbili, kila gari likifanya vituko, simama mahali salama uandike kwa simu yako: saa ngapi, umeendesha dakika ngapi, mshale wa joto uko wapi, petroli kiasi gani, mlima au tambarare, mvua au jua, AC ilikuwa imewashwa, taa gani iliwaka, mshale wa mizunguko ulifanya nini, na lilichukua muda gani kupona. Ukiwa na mwenzako, arekodi dashibodi kwa video. Usirekodi ukiendesha.

Baada ya mara nne au tano sharti litajitokeza lenyewe. Sasa nenda kwa mekanika, na usimwambie "gari haina nguvu". Mwambie: "Fundi, ikikaa kwa jam nusu saa inazima ghafla, mshale unaanguka sufuri, inakataa kuwaka dakika ishirini, halafu inarudi. Petroli ilikuwa nusu." Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umemfanyia nusu ya kazi. Anayetaka kubahatisha atajua huyu si wa kubahatishiwa.

Mpe utaratibu wa kuanza na vya bure, kisha vya bei rahisi, kisha vya bei kali. Vichwa vya betri, miungano na kifuniko cha tangi. Filta ya hewa. Kusoma msimbo. Kuhamisha koili. Volti za betri kwa mita: karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwaka. Presha ya petroli. Ndipo spea. Kila kifaa kinachobadilishwa, kibadilishwe peke yake, na cha zamani urudishiwe mkononi. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja na gari likapona, hutajua ni kipi kilikuwa kibaya, na viwili umenunua bure. Omba pia spea ijaribiwe kwa gari kabla hujaachilia pesa yote, maana koili na sensa feki zimejaa, nazo huleta shida mpya juu ya ile ya zamani.

Likikatika ukiwa highway

Mpaka ujue shida ni nini, usioveteki. Kaa nyuma ya lori hata kama linatoa moshi. Utachelewa, sawa.

Injini ikizima gari likitembea, usitoe ufunguo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito lakini bado unageuka, tumia nguvu. Breki bado zina msaada wa kutosha mara moja au mbili hivi, kwa hivyo usizipigepige. Kanyaga mara moja, imara, huku ukielekea kando. Washa hazadi mapema. Ukisimama, weka laifseva mbali nyuma ya gari, toa abiria wote upande usio na magari, na msikae ndani mkisubiri lipoe.

Na kama umechoka nalo na unataka kuliuza, mwambie anayekuja kulinunua ukweli, umwonyeshe na hayo maandishi ya kwenye simu. Atapunguza bei, ndiyo. Lakini naye atapanda Kinungi siku moja, pengine akiwa na watoto nyuma, na anafaa kujua anachoendesha.